Kulala Ndani ya Gari Penye Baridi: Maswali Wanayouliza Mara kwa Mara Wasafiri wa Dar

Ukurasa huu ni wa mkazi wa Dar es Salaam anayepanga kupeleka Noah, Rav4, Prado au Hiace yake Lushoto, Mufindi, Njombe, Makete au Ngorongoro, na kulala humo humo badala ya gesti. Kila kipupwe kikiingia maswali huwa yale yale. Kama una haraka, soma kwanza lile la jiko la mkaa, mengine yatakusubiri.

Nimezoea joto la Dar. Huko juu baridi ni kiasi gani hasa?

Usiku wa Julai Dar hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi, na hapo tayari watu wa bodaboda wamevaa majaketi. Sasa piga hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lango la Marangu zaidi ya 1,800, Njombe mjini karibu 1,900, ukingo wa kreta ya Ngorongoro zaidi ya 2,200, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Kwa hesabu hiyo peke yake, Njombe ungetegemea nyuzi 6 au 7 usiku. Mara nyingi inakuwa pungufu, kwa sababu bara, usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto upesi kuliko pwani. Kati ya Juni na Agosti, Makete na Kitulo huamka na sakitu nyeupe juu ya majani.

Kwa hiyo: ukienda Lushoto jiandae kwa nyuzi 10 au chini kidogo, ukienda Kitulo jiandae kwa sifuri. Wanaokwenda Kitulo kuona maua huenda msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Sakitu hawatakutana nayo sana, ila watakutana na unyevu, na unyevu una adabu mbaya zaidi.

Lakini si niko ndani ya gari? Baridi itapitia wapi?

Gari linakukinga na upepo, mvua na umande. Kazi yake inaishia hapo. Bodi ni bati, madirisha ni vioo, na vyote viwili hupitisha joto kwa urahisi. Ukizima injini saa tatu usiku, saa tano hewa ya ndani itakuwa inakaribia kulingana na ya nje.

Kitakachokupa joto usiku kucha ni mwili wako. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80, karibu sawa na zile taa za zamani za wati 75. Joto hilo linatosha kabisa kama halitoroki. Karibu kila jibu hapa chini linahusu namna ya kulizuia, na ndiyo maana anayeanza safari kwa kuuliza "nitawasha nini humo ndani?" tunamrudisha kwanza kwenye godoro na blanketi.

Nikiacha injini inaunguruma na hita imewashwa mpaka asubuhi?

Hapana. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na magari mengi tunayoendesha yameagizwa yakiwa yametumika. Bomba la moshi limeshachomelewa gereji mara kadhaa, na kutu imetoboa mahali ambapo hujawahi kuchungulia. Gari likiwa mwendoni moshi huo unabaki nyuma. Likisimama, hasa nyuma kukiwa na ukuta, kichaka au tuta la udongo, moshi unajikusanya chini ya sakafu na kupanda ndani. Upepo ukigeuka usiku wewe umelala, hutajua.

Halafu kuna mafuta. Injini ya kawaida ikiwa imesimama tu hula karibu lita moja kwa saa, wakati mwingine pungufu. Zidisha kwa usiku mzima, kisha kumbuka kituo cha mafuta kiko umbali gani.

Kinachokubalika ni hiki: ukifika kambini ndani ya gari kuna joto la safari. Tandika kitanda haraka kabla halijaondoka, zima injini, ingia kwenye blanketi.

Jiko dogo la mkaa je? Nikiacha dirisha wazi kidogo?

Hapana, na hapa hatutoi nafasi ya mjadala.

Swali hili linaulizwa kwa sababu wengi wetu tumekulia nyumba ambazo jiko liliingizwa ndani siku ya baridi na hakuna aliyekufa. Nyumba hizo zilikuwa na upenyo chini ya mlango, chini ya bati, kati ya ukuta na paa. Hata hivyo, kila msimu wa baridi zinasikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani na wasiamke. Ndani ya gari hewa ni kidogo kuliko ya chumba, na imefungwa vizuri kuliko chumba.

Mkaa hatari yake ni kwamba ukishakolea hautoi moshi. Unauona mwekundu, safi, unafikiri umeshaiva na hauna madhara. Kumbe ndipo unapoendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala koo. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe zinazobeba oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi inachotakiwa kubeba. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kukosa nguvu. Aliyelala anazidi tu kulala.

Dirisha lililoachwa wazi kidogo haliwezi kukuhakikishia chochote. Hewa huingia na kutoka kwa kutegemea upepo, na usiku wa baridi kali mara nyingi huwa hauna upepo kabisa. Na jiko ambalo "limeshazimika" usiliingize pia. Majivu yanaficha makaa yanayofuka kwa saa kadhaa. Liache nje, mbali na gari, upande ambao upepo hauleti hewa yake kwako.

Dalili hizo si kama za malaria? Nitatofautishaje?

Zinafanana, na hapo ndipo watu wanapopotea: mtu anameza dawa ya maumivu na kurudi kulala pale pale. Angalia mambo mawili. La kwanza, je, zaidi ya mmoja wenu anaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Malaria haiwashiki watu wanne ndani ya nusu saa. La pili, je, ukitoka nje unapata nafuu baada ya muda? Ukiwa na shaka usipoteze dakika kufikiri: fungua milango yote, watoe watu wote, kisha tafuta hospitali hata kama wamepata nafuu, maana matibabu yake ni oksijeni. Namba ya dharura ni 112; ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Na jiko la gesi? Lile halina mkaa.

Pika nalo nje, au chini ya turubai lililo wazi pande zote. Ndani ya gari lina matatizo matatu: gesi ikikosa hewa ya kutosha nayo hutoa kaboni monoksaidi, mwali wazi karibu na sponji na blanketi ni moto unaosubiri teke la mtoto, na kuungua kwa gesi kunazalisha maji. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mvuke huo utaganda kwenye vioo na kudondokea usoni pako saa kumi usiku.

Nitandike nini chini?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi vya kutosha. Wanabeba mablanketi matano ya kujifunika na shuka moja ya kulalia. Sasa, blanketi hufanya kazi kwa kukamata hewa kati ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote, na unabaki umelala juu ya sakafu ya gari ambayo chini yake ni upepo wa milimani. Ndiyo maana mtu anafunikwa mpaka puani na bado mgongo unamuuma kwa baridi.

Nenda kwa wauza sponji, upime sehemu ya nyuma ya gari viti vikiwa vimekunjwa, wakukatie sponji ngumu ya inchi 3 au 4 kwa kipimo hicho. Wanakata bila kulalamika, pamoja na kona za matairi. Chini yake tandaza maboksi yaliyokunjuliwa, tabaka mbili au tatu. Boksi la friji au televisheni ndilo bora kwa kuwa ni nene, na Kariakoo yanapatikana kwa bei ya soda. Juu ya sponji weka blanketi moja zito, kisha shuka. Mkeka wa ukindu hauna ubaya wowote lakini usiutegemee peke yake.

Godoro la kujaza upepo tunalikataa kwa safari za baridi. Ndani yake ni hewa tupu inayozunguka. Upande wa chini ukipoa, hewa hiyo inapeleka baridi juu usiku mzima. Kama unalo na huna lingine, weka blanketi nene kati yake na wewe, si kati yake na sakafu.

Na jitahidi kuziba mapengo. Viti vikikunjwa vinaacha shimo kati ya kiti na mlango, na hewa baridi hukaa humo. Sukumia nguo, mabegi, hata unga wa ugali.

Vioo nivizibe na nini?

Lile pazia la rangi ya fedha la kuzuia jua kwenye kioo cha mbele, ambalo kila gari la Dar linalo, linafaa mno kwa baridi. Lisukume ligusane na kioo. Kwa vioo vya pembeni kata maboksi au sponji nyembamba kwa umbo la kila dirisha, yakae kwa kubanwa tu bila gundi. Faida ya pili ni kwamba wapita njia hawatakuona umelala.

Pengo kati ya viti vya mbele na sehemu ya kulala likate kwa blanketi au kitenge kizito ulichokining'iniza. Eneo dogo linapashwa na miili yenu haraka kuliko gari zima.

Kwa nini naamka kila kitu kimelowa?

Kwa sababu ya pumzi. Mtu mzima hutoa maji ya kama robo lita usiku mmoja kwa pumzi na ngozi, na mvuke huo ukigusa kioo baridi unageuka matone. Watu wanne kwenye Noah iliyofungwa ni lita nzima. Blanketi likilowa linapoteza joto lake, kwa hiyo ukungu wa vioo unaongeza baridi.

Dawa yake inawashangaza wageni wa mambo haya: acha madirisha mawili wazi kidogo, upana wa kidole, moja mbele na lingine nyuma upande wa pili, ili hewa ipite. Utapoteza joto kiasi, lakini utalala mkavu. Kama gari lina vile vizuia mvua vya plastiki juu ya madirisha, vinafaa kazi hii hata manyunyu yakiwepo. Usijifunike uso mzima ukapumulia ndani ya blanketi. Pua ibaki nje. Nguo zilizolowa na viatu vyenye tope vifungie kwenye mfuko wa plastiki, usiviache vikauke ndani.

Asubuhi futa vioo kwa kitambaa kabla jua halijapanda, kisha fungua milango yote uanike matandiko.

Nivae nini wakati wa kulala?

Nguo kavu ambazo hukushinda nazo. Jasho la mchana lililobaki kwenye fulana ya pamba ndilo litakalokutetemesha saa nane. Soksi za sufu zisizobana, mzula kichwani, suruali ya jezi au taitsi, sweta moja. Ukivaa mpaka kubanwa unazuia damu kufika miguuni, na nafasi ya hewa kati ya nguo inapotea. Afadhali koti zito ulilaze juu ya blanketi.

Vitu hivi havihitaji duka la wazungu. Mitumba ya Karume ina majaketi ya manyoya ya bata, mifuko ya kulalia na mablanketi ya sufu ambayo muuzaji mwenyewe anakushangaa unayapeleka wapi na joto hili. Nunua Februari, bei ikiwa imelala. Mfuko wa kulalia ukague zipu mwanzo hadi mwisho palepale. Zipu mbovu ni usiku mbovu.

Chupa ya maji ya moto inasaidia?

Inasaidia kuliko kitu kingine chochote cha bei yake. Chemsha maji nje, jaza chupa ya mpira au ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, igeuze juu chini uone kama inavuja, ivishe soksi, iweke kati ya mapaja. Hapo mishipa mikubwa inapita karibu na ngozi, na joto husambaa mwilini. Baada ya saa moja isukume miguuni. Chupa za plastiki nyembamba za maji ya kunywa hazifai. Zinajikunja kwa maji ya moto na kumwagika. Chupa ya chai nayo ijazwe jioni: kikombe cha tangawizi alfajiri bila kutoka nje ni raha inayohitaji kupangwa.

Konyagi kidogo ya kupasha mwili?

Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Unahisi joto kwa sababu joto la ndani linatoka nje, yaani unalipoteza. Inapunguza pia kutetemeka, ambako ndiko kunakokuokoa, na inakufanya usisikie kichwa kinachouma kwa hewa mbaya. Kula badala yake. Ugali na maharage yenye mafuta saa moja kabla ya kulala, karanga mkononi, uji mzito. Mwili unaosaga chakula unatoa joto.

Kwenda haja usiku?

Nenda. Kubana mkojo hadi asubuhi kunakunyima usingizi tu. Wanaume wengi hutumia chupa yenye mdomo mpana. Wanawake wengine hubeba ndoo ndogo yenye mfuniko, ile ile ya nyumbani. Kwenye hifadhi usishuke kabla ya kumulika pande zote kwa tochi. Nyati wa Ngorongoro hawaheshimu mipaka ya kambi.

Blanketi la umeme linalochomekwa kwenye sigireti ya gari je?

Hesabu kwanza. Blanketi la wati 45 kwa volti 12 hula karibu ampea 4. Kwa saa nane ni ampea-saa 30 hivi (ampea-saa ni kipimo cha akiba ya umeme ya betri). Betri ya gari dogo huwa na 45 hadi 60, na haikutengenezwa kukamuliwa hivyo; imetengenezwa kuwasha injini. Litumie dakika ishirini kupasha kitanda, chomoa. Ukitaka zaidi, nunua betri ya pili ya sola na uitenge kabisa na ya gari.

Kuna hita za dizeli zinazofungwa kwenye magari ya kulala. Ni salama?

Zikifungwa sawasawa, ndiyo: zinavuta hewa ya kuchomea kutoka nje na moshi wake unatolewa nje kwa bomba lake, ndani inaingia hewa safi iliyopashwa tu. Fundi akikosea kiungo kimoja unarudi kwenye habari ya jiko la mkaa. Usiifunge bila king'ora cha kaboni monoksaidi kando ya mahali unapolaza kichwa. Kwa maoni yetu, anayekwenda Njombe mara moja kwa mwaka haihitaji. Sponji na blanketi vinatosha.

Nitakuwa na watoto. Inafaa?

Wanaokimbia, ndiyo, wakilala katikati ya wakubwa. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko wewe na hasemi mapema. Mguse kifua au shingo, si vidole. Mtoto mchanga tunakushauri mpeleke gesti. Hawezi kujifunua akizidiwa na joto wala kujinasua blanketi likimfunika pua, na kulala naye mkiwa mmebanana ni hatari yake nyingine.

Niegeshe wapi?

Usiku hewa baridi hushuka na kutuama mabondeni, hivyo kando ya mto panapopendeza mchana ndipo penye baridi kuliko pote alfajiri. Paki katikati ya mteremko, sehemu tambarare, penye kizuizi cha upepo. Chini ya miti sakitu hupungua, ila mikaratusi hudondosha matawi makavu bila taarifa. Elekeza kioo cha mbele mashariki. Jua la kwanza litafanya kazi ya hita bure, ukishaondoa pazia.

Kuhusu usalama: kwenye hifadhi lala kambi zilizotengwa. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Mikumi, na hapo hakulaliwi kando ya njia hata ukizidiwa na usingizi. Vuka hadi mjini. Vijijini jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya giza. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au kanisa, na mlinzi wa kukuangalia.

Nitajuaje mwenzangu amezidiwa na baridi?

Anatetemeka bila kuweza kujizuia, vidole havifungi zipu, maneno yanaburuzika kama mlevi, anajibu hovyo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni hali ya hatari. Akiacha kutetemeka huku hajapata joto, hali imezidi, msianze kushangilia. Mvue vilivyolowa, mvishe vikavu, mfunike pamoja na mtu mwenye joto, weka chupa za moto zilizofungwa kitambaa kwapani na kifuani. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue miguu na mikono kwa nguvu, wala usimkalishe karibu na moto mkali. Kisha mpelekeni hospitali. Hapo ndipo injini iwashwe, na gari liondoke.

Asubuhi gari likigoma kuwaka?

Baridi hudhoofisha betri na kuifanya oili iwe nzito. Betri iliyokuwa inajikongoja Dar, Makete itagoma. Ipeleke ikapimwe kabla ya safari, beba waya za kubusti, na zima taa za ndani ukilala. Ukipiga starta, piga kwa sekunde chache, pumzisha dakika moja, rudia. Kama gari ni la dizeli, subiri taa ya plagi za kupasha izime kwanza.

Naweza kujaribu Dar kabla ya kwenda?

Baridi hutaipata, lakini mengine yote utayapata. Laleni ndani ya gari usiku mmoja uani kwako, wote mnaosafiri, na mizigo yote, madirisha yakiwa wazi upana wa kidole. Mtagundua nani anakoroma, kiti kipi hakilali sawa, boksi la dirisha lipi linaanguka. Wekeni chandarua kwenye yale madirisha mawili, maana mbu wa Dar nao watakuwa wamesikia habari.